“Macho yangu yako wapi?” Kutafuta chanzo cha picha za watu zinazoharibika Goma

Mteja anayerudisha picha hapa Goma haji na lugha ya kamera. Anakuja na simu mkononi, anaisogeza karibu na uso wako na kuuliza: “Papa, macho yangu yako wapi?” Au: “Mbona umenizeesha?” Mbaya kuliko wote ni yule asiyesema kitu. Anakuonyesha picha aliyopigwa na mdogo wake kwa simu ya dola 80, siku ileile, nawe unaona wazi kuwa ya mdogo wake imeshinda yako.

Nimepiga harusi, ubatizo, matanga na wanafunzi waliomaliza shule kwa miaka ya kutosha kukosea karibu kila kitu kilichomo humu. Zamani nililaumu kamera. Nikakopa pesa, nikanunua lenzi, makosa yakaendelea na deni likabaki. Kumbe mengi yalianzia chini ya miguu yangu.

Mji huu umekaa juu ya mawe meusi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilishusha lava ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na watu wakajenga upya juu yake: nyua, kuta, ngazi, yote jiwe lilelile. Jiwe hilo linakunywa mwanga. Mpiga picha wa pwani akimsimamisha mtu kwenye mchanga mweupe, mchanga unamrudishia mwanga kutoka chini hadi kidevuni, bure. Sisi mwanga wetu unashuka kutoka juu na ukifika chini umekwisha. Shikilia hilo unaposoma, maana litarudi mara nyingi.

Nimepanga kwa malalamiko kama wateja wanavyoyasema, kwa kuwa tatizo hukufikia hivyo. Hakuna anayekuja ameshika sababu.

“Macho yangu yako wapi?”

Dalili ni tatu na hutembea pamoja: mashimo meusi mahali pa macho, kivuli chini ya pua kinachofanana na sharubu, na kidevu kilichomezwa na shingo. Jua likiwaka, sababu haijifichi. Goma iko chini ya digrii mbili kusini mwa Ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua haliendi mbali na utosi mwaka wote, na mwezi wa tatu na wa tisa linakaa utosini kabisa. Paji la uso linakuwa paa, macho yanabaki chini ya paa.

Wingu ndilo linalodanganya. Harusi yangu ya kwanza ya malipo iliangukia siku ya mawingu mazito, nikashukuru Mungu. Nikawasimamisha maarusi katikati ya uwanja uliomwagwa kokoto za lava, nikapiga kwa raha zangu zote. Picha zilipotoka, mama wa bibi harusi aliniuliza kwa upole: “Mwanangu, huyu binti yangu hakulala usiku?” Wingu hulainisha kivuli lakini mwanga bado unatoka juu, na kokoto nyeusi bado hazirudishi kitu. Mashimo yalikuwa palepale, kingo zake tu ndizo zilizokuwa laini.

Uthibitishe kabla ya kuinua kamera. Mtazame mtu kwenye mboni. Kuna nukta ya nuru ndani? Kama haipo, usipige. Mwambie azunguke taratibu pale alipo kama anayetafuta mtandao, huku ukiangalia mashimo ya macho. Mara nyingi kuna upande mmoja ambao yatajaa mwanga ghafla, mwache hapo.

Asipopata upande wowote, mfunike juu. Mpeleke barazani, mlangoni pa duka, chini ya bati lolote linalozuia mwanga wa utosini, kisha mgeuze atazame nje kwenye uwazi. Sasa mwanga unaomfikia ni ule wa mbele. Mweke hatua moja tu ndani ya ukingo wa kivuli. Akiingia mita tatu, mwanga unaanguka, kamera inapandisha ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga, na picha inajaa chembe. Mti siupendi sana. Majani hutoboka na kumwaga madoa ya jua usoni, na ukijani wake huingia kwenye ngozi.

Pasipo paa, tengeneza ardhi nyeupe. Mimi nina magunia mawili ya mchele ya kilo 25, yamepasuliwa, yakashonwa pamoja, upande usio na maandishi ukitazama nje. Ndicho kifaa changu kinachofanya kazi kuliko vyote, na kilikuja na mchele. Picha ya kifua na uso: mtoto mmoja alishike usawa wa kiuno, nje kidogo ya fremu, alipindishe polepole hadi uone mashimo yanapata nuru. Picha ya mtu aliyeketi: alitandaze mapajani kama kamera haifiki huko. Karatasi za alumini watu wanazipenda kwa sababu zinang'aa, lakini zinatupa mwanga mkali wenye madoa na mtu anakunja uso. Cheupe kisichong'aa kinatosha.

Njia ya tatu haina gharama hata ya gunia. Panda juu ya kitu. Ukisimama kwenye ngazi au jiwe, mtu anainua uso kukutazama, paji la uso linarudi nyuma na macho yanatoka chini ya paa.

Ya nne ni saa. Kuanzia saa kumi na moja jioni mwanga unakuja kwa ubavu na kila mtu anapendeza, ila huku kwetu jua linashuka karibu wima, digrii 15 kwa saa, halikawii. Ule mwanga wa dhahabu unahesabika kwa dakika. Bibi harusi wa Goma akichelewa nusu saa tunasema amewahi, kwa hiyo mimi picha muhimu za sura nazipiga barazani mapema, na za jioni nikizipata nazihesabu kama nyongeza.

Nina binamu anayefanya kazi hii Lubumbashi, na yeye analia kinyume. Udongo wao mwekundu unarudisha mwanga vizuri, lakini unaurudisha mwekundu, kidevu kinakuwa kama kimepakwa mawese na gauni jeupe linageuka chungwa. Dawa yake? Gunia lilelile, analitandaza chini kuufunika udongo.

“Umenifanya mkaa” na “Umenipausha”

Malalamiko haya yanapingana, ila ugonjwa ni mmoja. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui uso wa mtu. Kinatazama picha nzima na kudhani kwamba, ukichanganya vyote, lazima upate kijivu cha wastani. Msimamishe mtu mbele ya ziwa linalomeremeta: kamera inaona nuru nyingi, inapunguza, na uso unabaki kivuli. Msimamishe huyohuyo mbele ya ukuta wa lava: kamera inaona giza, inaongeza, ukuta unakuwa kijivu na paji la uso linaungua. Simu za sasa hujaribu kutafuta uso kwanza, lakini ziwa la saa nane bado linazishinda.

Kwenye simu, bonyeza uso na ushikilie kidole hadi kipimo kifungwe, kisha telezesha alama ya jua juu au chini. Kwenye kamera tumia kitufe chenye alama ya +/−. Mahali pangu pa kuanzia: ziwa au anga nyuma, +1 hadi +1.5, ukuta wa lava nyuma, −0.7 hadi −1. Halafu tazama, urekebishe. Tofauti ikiwa kubwa mno kati ya uso na ziwa, namba hazitasaidia, kwa sababu ukiokoa uso unalipoteza ziwa. Hapo geuza mtu au leta gunia.

Kosa jingine huja na nia njema. Ngozi nyeusi ikijaza fremu yote, kamera inaivuta kuelekea kijivu, yaani inaing'arisha kuliko ilivyo. Mpiga picha naye anaongeza tena akidhani anasaidia. Anayetoka humo si yule aliyeingia. Mimi napunguza theluthi moja hadi theluthi mbili ya hatua kwenye kitufe kilekile cha +/−, kisha natafuta mwanga mpana: dirisha kubwa, mlango, ukuta mweupe unaopigwa na jua upande wa pili wa barabara. Ngozi nyeusi huonyesha umbo la uso kwa mng'ao unaopita kwenye shavu na taya, na mng'ao huo huwa mzuri chanzo kikiwa kipana na kikikaa pembeni. Mwanga wa mbele moja kwa moja unausawazisha uso kama sahani.

Vifaa vyenyewe vilizaliwa na upendeleo. Kwa miongo mingi maabara zilipima rangi za filamu ya Kodak kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley, na kadi zenye watu wa rangi tofauti zilikuja miaka ya 1990. Google ilitangaza marekebisho yake ya rangi za ngozi, Real Tone, pamoja na Pixel 6 mwaka 2021. Kwa hiyo simu ikimpausha mama yako usifikiri umekosea wewe tu. Ingia kwenye mipangilio uangalie ile filta ya urembo. Kwenye simu nyingi za bei nafuu inakuja ikiwa imewashwa, inalainisha na kung'arisha bila kuomba ruhusa. Izime.

Kuhusu kinachokaa nyuma: wateja wangu wanataka ama ziwa ama Nyiragongo. Ziwa liko kusini mwa mji. Volkano iko kaskazini, mita 3,470, na mara nyingi inaonekana asubuhi kabla mawingu hayajaivaa. Ukiipiga, kamera yako inatazama kaskazini. Mwezi wa kumi na mbili jua la mchana linapita upande wa kusini, nyuma ya mgongo wako, likimulika uso wa mteja na mlima pamoja. Mwezi wa sita na wa saba limehamia kaskazini, mlima unafifia na mteja anabaki kivulini. Watu wawili wakisimama mahali pamoja, saa ileile, miezi sita mbali, watapata picha mbili zisizofanana, na wa pili atafikiri umempa kazi ya ovyo.

“Rangi hii si yangu”

Uso umekuwa wa majivu, au wa buluu, au una ukijani kama mtu mgonjwa. Usianze na programu ya kurekebisha. Tazama weupe wa jicho na kola ya shati. Vikiwa na rangi ileile ya uso, mwanga wote umepinda, na hiyo inatibika kwa urahisi. Kola ikiwa nyeupe upande mmoja na buluu upande wa pili, una vyanzo viwili, na hapo programu haitakuokoa.

Mfano wangu mbaya ni ibada iliyofanyika chini ya turubai la buluu, kanisa lilipokuwa bado linajengwa. Jua lilipenya turubai, watu wote wakawa buluu kwa juu, huku milango iliyo wazi ikiwamulika mwanga wa kawaida kwa ubavu. Nilipovuta rangi kuelekea njano ili nyuso zipone, mashavu ya pembeni yakawa kama manjano ya pilau. Nililala saa nane usiku nikijaribu. Ningewatoa tu nje hatua tano kwa picha ya familia, ningemaliza kwa dakika kumi.

Ngozi yenye mng'ao hubeba rangi ya kitu kilicho jirani. Ukuta wa kijani ulio nusu mita kutoka shavuni utauona shavuni. Msogeze mtu mbali na ukuta. Nyumbani, zima balbu ukitumia dirisha, au funga pazia ukitumia balbu, usivichanganye. Kisha chagua mizani ya weupe mwenyewe badala ya kuiachia kamera: alama ya jua ni kama Kelvin 5,500 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga), kivuli karibu 7,000, balbu ya njano karibu 3,000. Balbu za LED za bei ndogo zina kasoro nyingine: rangi fulani ni hafifu mno ndani ya mwanga wake, hasa wekundu, ndiyo maana ngozi inaonekana imekufa hata ukipanga vizuri. Hapo mkimbilie dirishani.

Ukiona michirizi ya giza imelala kwenye picha ya ndani, ni taa inayopepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, 1/50 au 1/100 ya sekunde na michirizi itatoweka.

“Hii pua si yangu”

Wengi wanasingizia lenzi, ilhali kosa ni la umbali. Ukiwa sentimita 30 kutoka kwa mtu, pua yake iko karibu nawe sana kuliko masikio yake, basi inavimba na masikio yanakimbia. Utafiti wa madaktari wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulikokotoa kwamba picha ya umbali huo hufanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita 1.5. Wagonjwa walikuwa wanakuja kuomba kupasuliwa pua kwa sababu ya selfi.

Simu inachochea kosa hilo kwa sababu lenzi yake kuu inaona eneo pana, nawe unasogea ili uso ujaze fremu. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu au mbili, kisha kuza mara mbili (2x). Ukiwa na kamera, lenzi ya milimita 85 inakulazimisha urudi nyuma mwenyewe; milimita 50 kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) inafanya kazi karibu ileile, na ni nafuu zaidi. Kamera ikae usawa wa macho. Mtoto, piga goti.

“Ina ukungu”

Neno hili moja lina magonjwa manne, na kila moja lina dawa yake, kwa hiyo kuza picha kwanza hadi uone tundu za ngozi, au mahali zilipopaswa kuwa.

Sikio liko wazi kama jicho la mbu, macho yamefifia? Umelenga pasipo. Lenzi ya 85 kwenye f/1.8, yaani tundu lake likiwa wazi sana, mtu akiwa mita 1.5, inaonyesha vizuri unene wa sentimita 3 tu hivi kwenye kamera ya sensa kubwa. Akivuta pumzi tu ametoka. Lenga jicho lililo karibu nawe, na funga tundu hadi f/4. Lenzi ya 50 kwenye sensa ndogo, kwa umbali huohuo, hapo inakupa kama sentimita 14, yaani uso mzima. Sifa ya f/1.8 imewaharibia vijana wengi. Wanapata mandhari laini na jicho laini.

Kila kitu, mtu na ukuta, kimevutwa upande mmoja? Ni mkono wako. Usishuke chini ya 1/125, isipokuwa kwa zile taa zinazopepesa na kwa flashi.

Ukuta uko wazi na mtoto ameteleza? Ni yeye. 1/250 au zaidi, na ISO ipande tu. Chembe mteja anazisamehe, uso ulioteleza hausamehe.

Kila kitu kina utando mweupe, na taa zimeota mishale? Lenzi ni chafu. Vumbi letu ni la volkano, chembe zake ni ngumu zenye makali, na ukilisugua kwa pembe ya kitenge linakwaruza kioo. Puliza kwanza, pangusa baadaye, kwa kitambaa laini kilichofuliwa. Simu iliyotoka mfukoni, pangusa kila mara. Robo ya wanaonililia kuhusu simu zao nawatibu kwa kitambaa, na sitozi.

Kuna ugonjwa wa tano, wa simu tu. Ile hali inayofifisha mandhari ya nyuma hukisia mahali kichwa kinapoishia, na inakosea kwenye rasta, nywele zilizosimama, hereni na miwani. Kama mteja ametoka saluni kusukwa kwa muda wa saa nne, usimkate misuko kwa kompyuta. Zima hali hiyo, msogeze mita tatu mbele ya ukuta.

“Nang'aa kama nimepakwa mafuta”

Flashi iliyo juu ya kamera ni chanzo kidogo, kinachopiga moja kwa moja na kurudi moja kwa moja: paji la uso linawaka, nyuma kunakuwa usiku, na mboni zinageuka nyekundu kwa sababu mwanga unagonga mishipa ya damu nyuma ya jicho na kurudi kwenye lenzi. Elekeza flashi kwenye dari au ukuta mweupe nyuma yako. Nyumba za mbao hapa nyingi hazina dari nyeupe, na ubao utakurudishia mwanga wa kahawia, kwa hiyo napachika gunia ukutani. Ndiyo, gunia tena. Punguza kasi hadi 1/60 ili taa za ukumbini nazo ziingie. Na beba karatasi laini za kufutia jasho. Mpe mteja ajifute mwenyewe, usimfute mama wa watu usoni.

“Mbona nimesimama kama askari?”

Kwa miaka mingi kitambulisho chetu kimekuwa kadi ya mpiga kura, na watu walijifunza kupigwa picha mbele ya mashine ile: mabega sawa, pumzi imezuiwa, macho mbele. Ukisema “tayari?” wanarudi kwenye kadi. Mimi siku hizi siisemi.

Nazungumza. “Papa, huyu mkubwa wako sasa anasoma nini?” Akijibu, usipige katikati ya neno, mdomo utapinda. Subiri amalize sentensi. Ile nusu sekunde baada ya kufunga mdomo, akiwa bado anamfikiria mwanawe, ndiyo picha.

Mikono ndiyo inayowasumbua wote. Mama mmoja wa Birere aliniambia, “Mtoto wangu, mikono nitaiweka wapi? Nyumbani sina shida nayo.” Nikamwambia: “Mama, shika kitenge kama unavyokishika ukiwa unatoka sokoni.” Akakishika, na mabega yakashuka yenyewe. Kila mtu ana kitu ambacho mikono yake inakijua. Fundi mpe kipimo chake, mwanafunzi diploma yake, kijana wa chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, mshikishe usukani.

Mwili geuza kidogo pembeni, uzito uende mguu mmoja, kisha uso urudi kwako. Kidevu kikijikunja mara mbili, usiseme “inua kidevu”, atakuonyesha matundu ya pua. Sema “lete paji la uso kwangu kidogo”. Na mzee asiyetaka kucheka mwache. Sura ya heshima ndiyo aliyoijia, na watoto wake ndivyo wanavyomjua.

“Ile nguzo imetoka kichwani”

Jicho la mpiga picha linaona mtu, kamera inaona na nguzo ya umeme. Sogea hatua moja kando. Pale Rond-point Tchukudu kila mtu anataka lile sanamu la dhahabu la chukudu, na nusu ya picha zinaonyesha gurudumu likiwa limeota sikioni. Angalia pia kinachopita nyuma: mpaka, uwanja wa ndege na watu wenye sare usiwaelekezee kamera hata kwa bahati mbaya, hakuna picha ya ubatizo inayostahili maelezo hayo.

Panapokosekana nyuma pazuri, tundika kitambaa. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga uani kwa mwanga wa mchana na kitambaa cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake. Alikibadilisha kila baada ya miaka michache, na leo wanaotafuta tarehe ya picha zake wanatazama kitambaa. Kwa Goma chagua kitenge chenye rangi ya kati. Cheusi kinakurudisha kwenye lava.

“Kwenye simu ilikuwa nzuri”

Kwenye karatasi imetoka giza. Skrini inawaka yenyewe, karatasi inasubiri mwanga wa chumba, na wewe ulirekebisha usiku mwangaza wa simu ukiwa juu kabisa. Ishushe hadi nusu kabla ya kuamua lolote. Ikiwa na madoa ya mraba badala ya giza, uliituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida nayo ikabanwa. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inataka kama pikseli 1,200 kwa 1,800, kwa hiyo mtumie mchapishaji kama hati, au mpelekee kadi ya kumbukumbu kwa mkono.

Lipia nakala moja kwanza. Itoe nje hadi mlangoni uitazame kwa mwanga wa mchana. Suti nyeusi ikiwa imeungana na kiti cheusi, pandisha vivuli kidogo, chapa moja tena, ndipo uagize zile 60 za familia.